Tarehe 11 Novemba 1940: ndege za Italia zilikuwa Ubelgiji, meli zake zikazama Taranto (uzi mrefu)

Jirani wa Mlima (mleta uzi)

Heshima kwenu wanajukwaa.

Nimekulia Nyeri, karibu na kanisa la kumbukumbu la Waitaliano. Humo amezikwa Amedeo wa Aosta, mwanamfalme wa ukoo wa Savoia. Utotoni tulidhani ni padri fulani wa zamani. Nilipokua ndipo nikajua kwamba alikuwa jenerali wa jeshi la anga, na ndiye aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kiitaliano, yaani Ethiopia, Eritrea na Somalia. Alijisalimisha kwa Waingereza pale mlima Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mateka, na Machi 1942 akafia Nairobi. Swali likanikaa kichwani miaka mingi: Italia ya miaka ya 1930 ilisifiwa dunia nzima kwa ndege zake. Ilikuwaje jenerali wake wa anga akazingirwa mlimani, na angani juu yake zinapita ndege za adui tu?

Leo nataka nieleze nilivyolielewa jambo hili. Wenye kujua zaidi mnisahihishe, nitashukuru.

Kwanza, sifa zile zilikuwa za kweli. Jeshi la Anga la Kifalme, Regia Aeronautica, lilianzishwa Machi 1923 likiwa jeshi linalojitegemea, wakati Marekani ndege za kivita zilikuwa bado chini ya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Mwaka 1933 Italo Balbo, waziri wa anga, aliongoza kundi la ndege za kutua majini kutoka Orbetello, wakavuka Atlantiki na kutua Chicago ndege 24. Hadi leo Chicago kuna barabara yenye jina lake. Oktoba 1934 rubani Francesco Agello aliruka kwa kasi ya kilomita 709 kwa saa juu ya Ziwa Garda akitumia Macchi MC.72. Mwaka 1938 Mario Pezzi akapanda mita 17,083 kwenda juu. Hizo zilikuwa rekodi za dunia.

Lakini rekodi ni ya ndege moja, fundi mmoja na rubani mmoja aliyechaguliwa. Vita vinataka ndege elfu zinazofanana, na vipuri vyake, na mafuta, na mtu wa kuamua ziende wapi. Kwenye hilo la mwisho ndipo ninapotaka tukae.

Chukueni siku moja tu, Novemba 11, 1940.

Mchana wa siku hiyo, ndege za Italia ziliruka kutoka viwanja vya Ubelgiji kwenda kupiga Harwich, mashariki ya Uingereza. Ndiyo, Ubelgiji. Mussolini, mtawala wa Italia, alikuwa amepeleka huko kikosi kizima, Corpo Aereo Italiano, chenye ndege za mabomu aina ya Fiat BR.20 na za kivita aina ya CR.42 na G.50, jumla si chini ya 170, ili Italia nayo ionekane imeshiriki kuiangusha London. Wajerumani hawakuwa na haja nao. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, G.50 zikarudi, na zilizofika zikakutana na ndege za kivita za Waingereza aina ya Hurricane. BR.20 tatu na CR.42 tatu ziliangushwa, na nyingine nyingi zikatua kwa dharura pwani ya Ubelgiji mafuta yakiwa yameisha. Waingereza hawakupoteza ndege hata moja katika pambano lile.

Usiku wa siku hiyohiyo, ndege 21 za Waingereza aina ya Swordfish ziliruka kutoka HMS Illustrious, meli ya kubeba ndege, zikaingia bandari ya Taranto kusini mwa Italia. Palikuwa na manowari kubwa sita zimetia nanga. Asubuhi ilipofika, tatu zilikuwa zimetobolewa na topido (kombora linalopita chini ya maji): Littorio, Duilio na Conte di Cavour. Cavour haikurudi vitani tena. Waingereza walipoteza ndege mbili.

Tazameni vilivyokosekana Taranto. Nyavu za kuzuia topido zilihitajika kilomita 12.8, zilizokuwa majini ni 4.2. Maputo ya kuzuia ndege kushuka chini yalikuwa 87, dhoruba ya siku chache kabla ikayapeperusha yakabaki 27. Na angani, hakuna ndege ya Italia iliyoiona Illustrious ikisogea. Marubani waliostahili kuwa wanapekua Bahari ya Ionia walikuwa wamekaa kwenye ukungu wa Ubelgiji, katika ndege zisizo na kioo cha kufunika chumba cha rubani, wanatetemeka kwa baridi. Churchill mwenyewe baadaye aliandika kwamba ndege zile zingekuwa na kazi bora zaidi kama zingekuwa zinailinda Taranto.

Ongezeni hapo: wiki mbili tu kabla, Oktoba 28, Mussolini alikuwa ameivamia Ugiriki kupitia milima ya Albania wakati mvua zinaanza. Na mwanzoni mwa Oktoba hiyohiyo alikuwa ameamuru askari wapatao 600,000 warudishwe nyumbani. Wakati huohuo jeshi la Italia chini ya Graziani lilikuwa limesimama Sidi Barrani, ndani ya Misri, likingoja malori na maji. Na huku kwetu Amedeo alikuwa amefungiwa Ethiopia bila njia ya bahari.

Nihesabieni: Uingereza, Ugiriki, Misri, Malta (kisiwa cha Waingereza kusini mwa Sicily), Afrika Mashariki. Mahali patano, kwa jeshi la anga lililoingia vitani Juni 10, 1940 likiwa na ndege kama 3,300 kwenye orodha, lakini zilizoweza kuruka na kupigana siku hiyo ni kama 1,800. Wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu alijaribu tano.

Hoja yangu basi ni hii: Italia haikuangushwa angani na ubovu wa ndege zake kwanza. Iliangushwa na uamuzi wa kuzitawanya. Karibuni.

Fundi Injini

Mkuu, uzi mzuri, lakini hapo mwisho sikubaliani nawe hata kidogo. Mimi ni fundi wa injini za ndege kwa miaka 19, na nakwambia hata wangezikusanya zote Taranto, wangechelewa tu kushindwa.

Anza na injini. Macchi MC.200 na Fiat G.50 zote zilitumia Fiat A.74, injini ya kupozwa kwa hewa, yenye nguvu za farasi kama 840. Hurricane na Spitfire zilikuwa na Merlin, zaidi ya farasi 1,000. Umbo la Macchi lilikuwa zuri mno, Mario Castoldi aliyelichora ndiye aliyetengeneza ile MC.72 ya rekodi. Lakini umbo zuri na moyo dhaifu ni ndege dhaifu. Ilibidi Italia iombe leseni ya injini ya Kijerumani, DB 601, ndipo Castoldi akapata MC.202 Folgore. Hiyo ilikuwa ndege ya kweli, rubani wa Hurricane akikutana nayo alikuwa na shida. Imefika Libya lini? Novemba 1941. Mwaka mzima baada ya Taranto yako. Na injini zenyewe Alfa Romeo walizitengeneza kwa kudonadona.

Silaha je? Folgore za mwanzo zilikuwa na bunduki mbili tu za milimita 12.7. Hurricane ilikuwa na bunduki nane.

Redio je? Mwaka 1940 ndege nyingi za kivita za Italia hazikuwa na redio ya kusema na kusikia. Kiongozi wa kundi anatikisa mabawa ili wenzake waelewe. Wenzao wanaongozwa na rada kutoka chini.

Na CR.42, ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliendelea kutengenezwa hadi 1943. Jumla zilifika kama 1,800. Viwanda vingi, kila kimoja na mchoro wake: Fiat, Macchi, Reggiane, Caproni, Breda, Savoia-Marchetti, Piaggio. Fundi wa uwanjani jangwani anaomba kipuri cha ndege moja, anatumiwa cha nyingine. Vita vyote, kuanzia 1940 hadi walipojitoa 1943, Italia ilitengeneza ndege kama 11,000. Marekani mwaka 1943 peke yake ilitoa zaidi ya 85,000.

Kiwanda ndicho kilichoamua.

Jirani wa Mlima

Fundi, nashukuru sana, na hayo ya injini sibishani nawe kwa sababu ni kweli na wewe ni mtu wa kazi. Lakini nikuulize jambo moja. Ndege zilizozamisha meli pale Taranto, zile Swordfish, zilikuwaje?

Zilikuwa za mabawa mawili, moja juu ya jingine. Zimefunikwa kitambaa. Rubani amekaa wazi. Mwendo wake ni wa polepole kuliko CR.42 kwa mbali sana. Kama ndege ya zamani ni hukumu ya kushindwa, basi usiku ule walioshindwa wangekuwa Waingereza. Tofauti ni kwamba mtu alikaa akafikiri: ndege hii haiwezi kupigana mchana, basi iende usiku; haiwezi kubeba mabomu mengi, basi ibebe topido moja; meli kubwa zimelala bandarini, basi iende huko. Na kabla ya kuruka walikuwa na picha za bandari zilizopigwa siku hizohizo na ndege za upelelezi kutoka Malta.

Malta hiyohiyo ambayo Italia iliipiga mabomu asubuhi ya Juni 11, 1940, siku ya kwanza ya vita, kisha ikaiacha isimame.

Halafu kuhusu topido. Italia ilikuwa miongoni mwa watengenezaji bora wa topido duniani. Kiwanda cha Fiume kiliwauzia hata Wajerumani. Lakini vita vilipoanza jeshi la anga halikuwa na kikosi hata kimoja cha ndege za topido, kwa sababu wakuu wa anga walikuwa wameshikilia kwamba mabomu kutoka juu yanatosha kuzamisha meli, na hawakutaka kulipia silaha waliyoiona ni ya jeshi la majini. Kikosi cha majaribio kiliundwa Gorizia Julai 1940, mwezi mmoja na zaidi baada ya kuingia vitani. Septemba hiyo ndege za mabomu aina ya SM.79 zikaipiga HMS Kent, meli ya kivita ya Waingereza, kwa topido. Kumbe walikuwa wanaweza! Marubani kama Carlo Emanuele Buscaglia wakawa tishio la kweli Mediterania kwa ndege ileile yenye injini tatu iliyokuwapo tangu vita vya Uhispania.

Hapo kiwanda hakikukosekana, Fundi. Walichokosa ni mtu wa kuamua mapema.

Fundi Injini

Hoja ya Swordfish nimeipokea. Lakini kumbuka Swordfish haikukutana na ndege ya kivita usiku ule. Ingekutana nazo mchana ingekwisha, na ilikwisha kweli Februari 1942 katika Mfereji wa Uingereza, zilikwenda sita hazikurudi. Kwa hiyo nakubali nusu: uamuzi mzuri unaweza kuificha ndege mbaya kwa usiku mmoja. Kwa miaka mitatu hauwezi.

Mwalimu wa Kidato

Nimefuatilia kwa makini. Naomba niongeze jambo ambalo nadhani wote wawili mmelipita: Ethiopia na Uhispania.

Mwaka 1935 na 1936 ndege za Italia zilimwaga gesi ya sumu juu ya Wahabeshi, askari na raia, mito na mifugo, na kupiga hospitali za Msalaba Mwekundu. Ethiopia haikuwa na ndege za kivita za kupambana nao. Halafu kuanzia 1936 hadi 1939 wakapeleka Uhispania ndege zaidi ya 700. Huko CR.32, ndege ya mabawa mawili, ilifanya vizuri, na marubani wakarudi wakisema wepesi wa kugeuka ndio unaoshinda. Ndiyo maana CR.42 ikazaliwa wakati wengine wanakwenda kwenye bawa moja. Hata Macchi MC.200 za kwanza zilikuja na kioo cha kufunika, marubani wakakataa, wakataka upepo usoni, kioo kikaondolewa.

Kwa hiyo walimu wao walikuwa ushindi wa Ethiopia na Uhispania. Na vita hivyo viwili vilikula fedha na ndege ambazo 1940 zilihitajika. Mimi nafundisha hilo darasani kila mwaka, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kama kuna aliyeshtakiwa kwa ile gesi. Ethiopia iliomba, haikupewa mahakama. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Jirani wa Mlima

Mwalimu, umesema lililonishinda kulisema. Asante.

Binti wa Malindi

Habari zenu. Mimi si mtaalamu wa ndege, ila naomba kuuliza. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba Malindi ilidondoshewa mabomu na Waitaliano, watu wakakimbilia mashamba ya minazi. Nilipokuwa shuleni nikasema hivyo, nikaambiwa ni hadithi za wazee. Ni kweli au si kweli? Na kama ni kweli, Waitaliano walikuwa wanatafuta nini Malindi?

Jirani wa Mlima

Dada, bibi yako alisema kweli. Malindi ilipigwa Oktoba 1940. Wajir ilipigwa mapema zaidi, katikati ya Juni, siku chache baada ya Italia kutangaza vita.

Ndege zile zilitoka Somalia na kusini mwa Ethiopia. Nyingi zilikuwa Caproni Ca.133, ndege nzito za injini tatu zilizotengenezwa kwa kutawala makoloni, polepole kabisa. Amedeo alianza vita na ndege kama 300, za umri na aina tofauti. Alichukua Kassala upande wa Sudan, akachukua Moyale yetu katikati ya Julai baada ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) kuzingirwa na kupenya usiku, na Agosti akachukua Somalia ya Waingereza. Kwenye ramani ilionekana anashinda.

Lakini alikuwa anaishi kwa akiba. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Tone la petroli likiungua halirudi, tairi likipasuka halina mbadala. Italia ikatafuta njia ya ajabu: ilipakia ndege za CR.42 vipandevipande ndani ya ndege kubwa za mizigo, SM.82, zikaruka kutoka Libya usiku juu ya Sudan mpaka Eritrea na Ethiopia, huko zikaunganishwa upya. Zilifikishwa kama 50 kwa mtindo huo. Mimi nawaheshimu sana marubani na mafundi wale kwa kazi hiyo. Na bado ilikuwa sawa na kujaza mtungi kwa kijiko cha chai.

SM.82 hizohizo zilifanya jambo jingine ambalo wenzetu walioko Ghuba watalipenda. Oktoba 1940 nne ziliondoka kisiwa cha Rhodes zikiongozwa na Ettore Muti, zikavuka jangwa lote hadi Bahrain kupiga mitambo ya kusafisha mafuta. Moja ilipotea njia na kudondosha mabomu Dhahran, Saudi Arabia. Kisha zikaenda kutua Zula, Eritrea. Ni zaidi ya kilomita 4,000 kwa safari moja! Madhara waliyofanya yalikuwa madogo sana. Tena ni kisa kilekile: ujuzi mkubwa, shabaha ya kupata sifa, na hakuna safari ya pili wala ya tatu.

Kwa hiyo mabomu ya Malindi, dada, nadhani yalikuwa ya kuonyesha kwamba bado wapo. Pwani ilikuwa karibu, na ulinzi ulikuwa mdogo.

Mzee wa Tana

Vijana, nawasoma kimya tangu jana. Baba yangu alikuwa KAR. Alitembea na kupanda malori kutoka Garissa mpaka Addis Ababa mwaka 1941. Alisema mwanzo walikuwa wakisikia mlio wa ndege wanalala kifudifudi. Walipovuka Juba wakaanza kusimama kuangalia, kwa sababu kila ndege iliyopita ilikuwa yao, ya Wasauzi.

Hilo tu ndilo alilosimulia kuhusu ndege. Ya miguu alisimulia mengi.

Jirani wa Mlima

Shikamoo mzee wangu. Hayo ya baba yako yanakwenda sawasawa na yaliyotokea. Ndege za Afrika Kusini zilizokuwa Kenya ziliviwinda viwanja vya Waitaliano kimoja baada ya kingine, na ndege nyingi zikachomwa zikiwa chini kabla hazijaruka. Kismayu ikaanguka Februari 14, Mogadishu Februari 25, Addis Ababa Aprili 6. Ni mwendo wa kilomita zaidi ya 2,700 kwa siku 53, na waliopiga hatua hizo wengi ni Waafrika: KAR, Wanaijeria, Waghana.

Baba alizungumzia Mto Juba hasa? Kama kuna zaidi tafadhali tuandikie, hata mistari miwili.

Mzee wa Tana

Marahaba. Nitaandika nikitulia. Macho hayanisaidii usiku.

Mwalimu wa Kidato

Mleta uzi, nirudishe kwenye bahari. Kwa nini Italia haikuwa na meli ya kubeba ndege? Nchi imezungukwa na maji pande tatu!

Jirani wa Mlima

Mwalimu, hili ndilo eneo ninaloliona la kusikitisha kuliko yote.

Mussolini alishikilia kwamba rasi ya Italia yenyewe ni meli ya kubeba ndege, imetanda katikati ya Mediterania, haizami. Jeshi la anga likafurahi, kwa sababu sera ilikuwa kwamba kila kinachoruka ni chao. Majini wakabaki na ndege za upelelezi za kutua majini, na hata hizo ziliendeshwa na marubani wa anga. Wakuu wa majini nao, tuseme kweli, hawakupigania sana, walipenda manowari kubwa zenye mizinga.

Matokeo yalionekana mwezi wa kwanza tu. Julai 9, 1940, meli za Italia na za Uingereza zilikutana mbele ya Calabria, pale Punta Stilo. Admirali akaomba ndege. Ombi lipande kutoka majini hadi makao makuu, livuke hadi anga, lishuke hadi uwanja wa ndege. Ndege zilipofika mapigano yalikuwa yamekwisha, na baadhi zikadondosha mabomu juu ya meli za Italia zenyewe. Meli hazikuzama, lakini mabaharia walitazama juu wakaona ni ndugu zao.

Machi 28, 1941 ikaja Matapan, kusini mwa Ugiriki. Ndege ya topido kutoka HMS Formidable, meli ya Waingereza ya kubeba ndege, ikaisimamisha Pola, meli ya kivita ya Italia. Meli wenzake Zara na Fiume zikarudi usiku kuisaidia, bila rada, bila ndege ya kuwaambia nani yuko gizani. Manowari za Kiingereza zilizokuwa na rada zikawasubiri zikawapiga kwa karibu. Italia ikapoteza meli tano, na wanaume zaidi ya 2,300. Rada yenyewe ilikuwa imeshafikiriwa Italia: Ugo Tiberio alikuwa akiitengeneza Livorno tangu miaka ya 1930, kwa fedha kidogo na wasaidizi wachache. Baada ya Matapan ndipo walipomkumbuka. Ndipo pia Mussolini akaamuru meli ya abiria Roma igeuzwe kuwa meli ya kubeba ndege, wakaiita Aquila. Haikumalizika.

Fundi Injini

Hapa sasa umenibana mkuu. Rada ya Tiberio hata mimi siwezi kuisingizia kiwanda.

Lakini jibu hili: ungekuwa wewe Juni 1940, ungefanya nini? Ni rahisi kusema wametawanya. Ungekusanya wapi?

Jirani wa Mlima

Malta. Bila kusita.

Juni 1940 Malta ilikuwa na ndege chache tu za kivita za mabawa mawili aina ya Gladiator kwa ajili ya kujilinda. Ipo chini ya kilomita 100 kutoka Sicily. Ndiyo inayokaa katikati ya njia ya Italia kwenda Libya. Ningeacha Ubelgiji, ningeacha Ugiriki, ningepeleka kila SM.79, kila Macchi na kila askari wa majini huko kabla Waingereza hawajashtuka. Lakini wakuu walidhani vita vitakwisha baada ya wiki chache. Ufaransa inaanguka, London itaomba amani, kwa nini upoteze watu kwa kisiwa ambacho utapewa mezani? Kwa fikra hiyohiyo waliingia vitani bila hata kuziita meli zao za biashara zirudi nyumbani, na karibu theluthi moja ya meli hizo zikakwama au kukamatwa nje ya Mediterania siku ya kwanza. Siku hizohizo walipoteza na mtu: Juni 28, Balbo, yule wa Chicago, aliangushwa juu ya Tobruk na mizinga ya Waitaliano wenyewe waliodhani ni adui.

Tazama Malta ilivyowalipa. Novemba 1941 meli zote saba za msafara mmoja wa mizigo zilizamishwa usiku mmoja na manowari zilizotoka Malta. Mwezi huo zaidi ya nusu ya shehena ya kwenda Libya iliishia baharini. Mafuta ya ndege, risasi, matangi ya maji.

Na walipata nafasi ya pili. Mwanzoni mwa 1942 ndege za Kijerumani na Kiitaliano ziliitwanga Malta mpaka ikabaki na chakula cha kuhesabu. Cavallero, mkuu wa majeshi ya Italia, alikuwa na mpango kamili wa kukivamia kisiwa, na kikosi cha miavuli cha Folgore kilikuwa kimeshafunzwa. Juni 21 Rommel, jenerali wa Kijerumani aliyeongoza vita Libya, akachukua Tobruk. Akasema twende Misri. Hitler akakubali, Mussolini akakubali, akaruka mwenyewe hadi Libya akisubiri kuingia Cairo. Malta ikaahirishwa. Wale askari wa miavuli wakapelekwa El Alamein kupigana kwa miguu, na wengi wao wapo pale mchangani hadi leo.

Agosti 1942 meli 14 za mizigo ziliondoka kuipelekea Malta chakula na mafuta. Italia na Ujerumani zikazamisha tisa. Hapo ndege za topido za Italia, nyambizi zake na boti zake zilifanya kazi kubwa, nani atawadharau? Lakini tano zilifika, na mojawapo ni Ohio, meli ya mafuta, iliyoingizwa bandarini Agosti 15 ikiwa imefungwa katikati ya manowari mbili ili isizame. Malta ikaishi.

Fundi Injini

Ungepoteza watu wengi kwenye ile pwani ya mawe. Lakini sawa, ningekufuata kwenye hiyo.

Binti wa Malindi

Jirani, nina swali la mwisho. Ndege zile za huku kwetu ziliisha lini? Nataka nikamwambie mama, yeye ndiye aliyebaki anayekumbuka hadithi za bibi.

Jirani wa Mlima

Dada, mwambie hivi. Baada ya Amedeo kushuka Amba Alagi, Jenerali Nasi alibaki Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, miezi sita zaidi. Alikuwa na CR.42 mbili, miongoni mwa mabaki ya jeshi la anga lote la Afrika Mashariki. Mafundi walikuwa wanazishona kwa kinachopatikana. Moja iliangushwa Oktoba 24, 1941, rubani wake Ildebrando Malavolta akafa. Ile nyingine iliruka mara ya mwisho Novemba 22, ikashambulia askari waliokuwa wakipanda kuelekea Kulkaber. Wengi wa waliokuwa wakipanda mlima ule walikuwa KAR. Kisha Waitaliano wenyewe wakaichoma, na Novemba 27 Gondar ikasalimu amri.

Mzee wa Tana, kama baba yako alifika hadi Gondar, huenda aliiona.

Mzee wa Tana

Alifika. Picha moja ipo, nyuma imeandikwa kwa penseli Gondar. Kesho nitamwambia mjukuu aipige kwa simu aiweke hapa.